Sumu Iliyohama Chombo Chake

Chupa ya maji ya nusu lita, lebo yake bado imebandikwa, imesimama sakafuni kando ya jiko la mchina. Ndani yake mna mafuta ya taa yaliyopimwa dukani asubuhi. Mtu mzima akiiangalia anajua ni mafuta. Mtoto wa miaka miwili mwenye kiu anaona maji, na hapo ndipo ajali nyingi za sumu majumbani zinapoanzia.

Kemikali tunazoishi nazo zina kazi zake na wengi wetu hatuwezi kuziacha zote. Lakini hatari inaongezeka pale zinapohamishwa kutoka kwenye chombo chenye jina na maelekezo, kwenda kwenye chupa ya soda, kopo la unga au karatasi iliyokunjwa. Na zikishatoka hapo, haziishii kwetu. Zinamfuata paka, bundi, nyuki na samaki.

Mafuta ya taa

Mafuta ya taa ni mepesi mno. Mtoto akiyanywa na kupaliwa, hata kiasi kidogo huteleza na kuingia kwenye mapafu, kikasababisha nimonia kali. Dalili ni kikohozi, kukabwa, kuhema haraka na pumzi inayonuka mafuta.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kumtapisha. Mafuta yaliyokuwa yametulia tumboni yanarudi kooni, na safari hii mengi zaidi yanaingia mapafuni. Maziwa nayo si tiba: yanaweza kuchochea kutapika. Mvue nguo zilizomwagikiwa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mpeleke hospitali hata kama anaonekana mzima, kwa sababu shida ya kupumua inaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Jiki na dawa ya choo

Kila moja ikitumika peke yake kwa kipimo chake hufanya kazi vizuri. Zikichanganywa zinageuka kuwa hatari. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na kisafishio chenye amonia, au hata na mkojo mwingi uliokaa chooni, hutoa gesi nyingine inayochoma macho na koo. Choo kidogo kisicho na dirisha ndicho mahali pabaya kuliko pote kwa jambo hili, na mwenye pumu ndiye anayeumia mapema.

Ukisikia macho yanawasha na kifua kinabana, usimalizie kusugua. Toka nje, acha mlango wazi, rudi baada ya hewa kubadilika. Siku nyingine tumia dawa moja tu, na uioshe kwa maji mengi kabla ya kufikiria nyingine.

Vidonge vya kuhifadhia nafaka

Vidonge vya fosfidi ya alumini vinavyowekwa ghalani kuua fukusi na dumuzi huanza kufanya kazi vikikutana na unyevu wa hewa. Kidonge kimoja cha gramu 3 hutoa takriban gramu 1 ya gesi ya fosfini, ambayo hadi leo haina dawa ya kuipinga mwilini. Mara nyingi harufu yake hufanana na kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini mtu aliyelala hawezi kuitegemea harufu hiyo imwamshe.

Kwa hiyo magunia yaliyowekewa vidonge hayakai chumbani wanamolala watu, wala chumba cha jirani kinachotenganishwa na ukuta wenye nyufa au dari iliyo wazi. Kama huna ghala linalojitegemea, tumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ile inayojulikana kama mifuko ya PICS. Ukiweka nafaka iliyokauka vizuri na kufunga kila tabaka kwa nguvu, wadudu huishiwa hewa ndani ya mfuko. Hakuna sumu inayohitajika.

Sumu ya panya na safari yake

Sumu nyingi za panya za kisasa, ambazo lebo zake huandikwa brodifacoum au bromadiolone, huzuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo. Huishi siku kadhaa akivuja damu ndani kwa ndani, akizidi kulegea na kutembea mchana mahali pa wazi. Panya wa namna hiyo ndiye rahisi kukamatwa, na anayemla anakula na sumu iliyo ndani yake. Sumu hii hukaa kwenye ini kwa muda mrefu, kwa hiyo bundi au paka anayekula panya wenye sumu mara kwa mara hujikusanyia kidogo kidogo mpaka naye anakufa.

Katika sehemu nyingi za kwetu bundi anarushiwa mawe kwa kuhesabiwa kuwa ni uchuro. Ukweli ni kwamba jozi moja ya bundi wenye makinda hula mamia ya panya kwa mwaka. Ukimuua bundi kwa sumu, umewapunguzia panya adui na kujiongezea kazi.

Anza na njia zisizo na sumu: funika chakula, ziba matundu, ondoa taka, tumia mtego. Ikibidi kutumia sumu, iweke ndani ya kisanduku chenye tundu la panya tu, kusanya mizoga kila asubuhi ukiwa umevaa glavu, na uifukie kwa kina. Usinunue ile ya unga au punje isiyo na lebo inayotembezwa mitaani. Huenda ni kiuatilifu cha shambani kinachoua haraka, na daktari hataweza kujua anapambana na nini. Viuatilifu halali vina namba ya usajili: Tanzania Bara hutolewa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA, na Kenya na bodi ya viuatilifu, PCPB.

Kama mtoto amekula sumu ya panya na anacheza kama kawaida, usitulie. Damu inaweza kuanza kutoka puani, kwenye fizi au kwenye mkojo siku kadhaa baadaye. Tiba ya vitamini K ipo hospitalini, na inasaidia zaidi ikiwahi.

Dawa za wadudu

Dawa nyingi za kupuliza na zile za kwenye vyandarua ni za jamii ya pairethroidi. Kwa binadamu, zikitumika kama inavyoelekezwa, hatari yake ni ndogo. Kwa samaki na nyuki ni kali sana, na paka hudhurika vibaya na pemethrini kwa sababu mwili wake haumudu kuivunja. Hivyo usimpake paka dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Usifue chandarua mtoni wala ziwani. Fulia kwenye beseni, na maji yake yamwage kwenye shimo mbali na kisima. Pulizia chumba kikiwa hakina watu, chakula kikiwa kimefunikwa, na subiri muda ulioandikwa kwenye kopo.

Matumizi mabaya ya viuatilifu yamewahi kutugharimu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Tanzania na Uganda baada ya kubainika watu wanavua kwa sumu. Wavuvi waliofuata sheria walipoteza soko pamoja na waliovunja.

Mkorogo na zebaki

Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki. Hupenya kwenye ngozi, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Ukioga, zebaki inakwenda na maji machafu. Ikifika kwenye tope la mto au bahari, bakteria huigeuza kuwa aina kali zaidi inayozidi kujilimbikiza kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, kisha inarudi mezani.

Minamata, Japani, ndiko dunia ilikojifunza hilo. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, na paka waliokula samaki walianza kuyumba na kufa kabla ugonjwa wa watu haujatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa zebaki uliopitishwa mwaka 2013 una jina la mji huo, na kwa makubaliano ya mwaka 2023, vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vilipaswa kuondolewa ifikapo 2025.

Dukani soma lebo. Maneno kama mercury, mercurio au calomel yanatosha kukufanya uirudishe. Onyo kwamba krimu isigusane na vito vya dhahabu, fedha au alumini nalo ni dalili ya zebaki. Krimu isiyo na lebo kabisa usiipake.

Ajali ikitokea

Aliyemeza: usimtapishe, na kama amezimia usimpe chochote mdomoni, mlaze ubavu. Sumu ikiingia jichoni, lisuuze kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20. Ikimwagikia ngozi, vua nguo na osha kwa sabuni. Aliyevuta gesi mtoe nje, lakini usiingie kumwokoa mahali ambapo wewe mwenyewe utaanguka. Kisha nenda hospitali ukiwa na chombo cha sumu hiyo, na mweleze daktari ilikuwa saa ngapi.

Chombo kilichokwisha kisuuze mara tatu, kitoboe kisitumike tena kuwekea maji au maziwa, na usikichome jikoni wala kukitupa mtoni.

Leo kabla ya kulala, pita jikoni, chooni na stoo. Kila chupa isiyo na jina, iandike jina au itoe. Kila sumu ipande juu, ikafungiwe mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Kazi hiyo haina gharama, na usiisogeze hadi kesho.