Kabla ya Kuvunja Ukuta wa Duka, Jua Umebeba Nini

Maduka mengi ya Port Victoria yameshikana, ukuta mmoja ukitenganisha vyumba viwili. Biashara ikikua, mwenye jengo hutamani kuuangusha ukuta huo apate duka moja pana. Fundi humwambia ni kazi ya siku moja.

Kuna ukuta wa kutenganisha tu, na kuna ukuta unaobeba slabu, paa au ukuta mwingine wa juu. Kuugonga na kusikiliza mlio hakutoshi, ingawa baadhi ya mafundi huapa kwa mbinu hiyo. Panda juu uangalie: slabu au mbao za paa zimeegemea wapi? Jibu la mwisho ni la mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya.

Ukiondoa ukuta wa chini, uzito wa juu haupotei. Hukimbilia pembeni, ambako huenda hakuna cha kuupokea. Kwa hivyo nguzo za muda husimamishwa kwanza, boriti iliyopimwa na mhandisi ikaingizwa, ndipo matofali yaliyobaki yatolewe. Boriti nayo inahitaji nguzo zenye msingi wake. Hapa kwetu, karibu na ziwa na mdomo wa Mto Nzoia, udongo hulowa. Msingi uliotosha ukuta mrefu huenda usitoshe nguzo mbili zinazobeba uzito uleule.

Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakafa. Lilikuwa na maduka, na watu walikuwa ndani.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya ujenzi kuanza. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa miezi isiyozidi miwili, au adhabu zote mbili. Mkandarasi naye awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mwambie akuonyeshe cheti chake.

Njoo katika ofisi ya mipango na hati ya umiliki na michoro ya mhandisi. Ikiwa wewe ni mpangaji, pata kwanza idhini ya maandishi ya mwenye jengo. Ikiwa ukuta ni wa pamoja, zungumza na jirani mapema, kwa kuwa paa lake pia limeegemea hapo. Wanaoishi juu wahame kwa muda wote wa kazi. Ufa mpya ukionekana au mlango ukianza kukwama, simamisheni kazi, tokeni nje nyote, kisha mwiteni mhandisi.