Unayemuuguza mgonjwa nyumbani, nawe tafuta msaada

JE, nyumbani kwako kuna mtu mzima asiyeweza kujihudumia? Huenda ni mama aliyepooza upande mmoja, mume anayeugua saratani au ndugu mwenye maradhi ya akili. Ikiwa wewe ndiwe unayemwogesha, kumlisha na kumwamkia usiku, basi makala haya yanakuhusu wewe, wala si mgonjwa wako.

Wengi wanaouguza jamaa zao hawahesabu kwamba wanafanya kazi. Husema ni wajibu wa damu. Ni kweli, lakini wajibu huo una uzito wake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yafaa ageuzwe kila baada ya muda wa saa mbili hivi, mchana na usiku, ili asitoke vidonda vya mgongoni na makalioni. Anayefanya hivyo peke yake hulala usingizi wa vipande vipande. Miezi ikipita, mgongo huanza kuuma, hasira huwa karibu, naye husahau hata dawa zake mwenyewe za presha au kisukari. Akianguka yeye, nyumba inabaki na wagonjwa wawili.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jirani anayekuona ukienda kisimani au dukani kila asubuhi hudhani mambo ni shwari. Hawezi kujua uzito wa mzigo wako mpaka umwambie.

Anzia mtaani kwako

Mtu wa kwanza wa kumtafuta ni mhudumu wa afya wa jamii. Mwaka 2023 serikali ilitangaza wahudumu hawa zaidi ya 100,000 kote nchini na kuwapa mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupimia presha na sukari. Kila mmoja hukabidhiwa nyumba zipatazo 100. Iwe unaishi Mtongwe, Mjambere au Chaani, mzee wa mtaa au zahanati iliyo karibu itakuelekeza kwa wako. Mwombe aandike kwamba nyumbani mwako mna mgonjwa wa kitandani, na akupime nawe pia.

Kisha uliza hospitali ya upande wako kabla ya kufikiria safari ya kisiwani. Mkazi wa Likoni anaijua taabu ya kumvusha feri mtu asiyeweza kusimama. Likoni kuna hospitali ya kaunti ndogo, na Kisauni kuna kituo cha afya cha Mlaleo. Changamwe kuna hospitali ya Port Reitz, ambayo pia inajulikana kwa huduma za magonjwa ya akili. Unaweza kwenda wewe kwanza bila mgonjwa, ukiwa na kadi yake ya kliniki na dawa anazotumia. Mwambie muuguzi akuonyeshe jinsi ya kumgeuza, kumwinua bila kuumiza kiuno chako, na kusafisha vidonda. Mafunzo ya nusu saa huweza kukupunguzia taabu ya mwaka mzima.

Ikiwa mgonjwa ana saratani au maradhi mengine yasiyotarajiwa kupona, uliza juu ya Coast Hospice iliyoko Mombasa. Kazi ya hospisi ni kutuliza maumivu, na pia kuwafundisha na kuwafariji jamaa wanaouguza. Usingoje siku za mwisho ndipo uende.

Haki za fedha

Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema wazee wana haki ya kutunzwa na kusaidiwa na jamaa zao pamoja na serikali. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa, na kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kuangaliwa wakati wote. Usajili hufunguliwa kwa vipindi, kwa hivyo mwendee chifu au afisa wa ustawi wa jamii na uache jina mapema. Mwenye ulemavu apimwe pia hospitalini ili aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Fedha hizo ni chache na mara nyingine huchelewa, lakini hununua sabuni na nepi.

Omba jambo mahsusi

Wasaidizi wengi hupotea kwa sababu hawajui la kufanya. Ukisema "nisaidieni", watu watakupa pole na kwenda zao. Sema hivi: "Dada, nakuomba ukae na mama Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa sita, nipate kulala." Kwa kaka anayefanya kazi mbali, mwambie alipe dawa za kila mwezi. Kijana wa nyumba ya pili anaweza kuteka maji. Andika kazi zote za wiki kwenye karatasi, kisha uzigawe katika kikao cha jamaa. Usione haya kumweleza imamu wako, kwani misikiti huwa na zaka na sadaka kwa ajili ya wenye shida, au viongozi wa jumuiya ndogo ndogo ya kanisa lako, ambao kuwatembelea wagonjwa ni sehemu ya kazi yao.

Pia, ulizia pale kliniki kama kuna wengine wanaouguza kama wewe. Watu watano wakikutana mara moja kwa mwezi, hata barazani, wanaweza kupeana zamu na kuchangiana kama wafanyavyo katika chama.

Lini uende hospitalini wewe mwenyewe

Nenda upesi ukiona hulali hata ukipata nafasi, unalia bila sababu, umemsukuma au kumpiga mgonjwa, au unatamani kufa. Hayo si dhambi ya kuficha. Ni dalili za kuchoka kupita kiasi, na zina tiba.

Wiki hii fanya mambo mawili tu: mtafute mhudumu wa afya wa mtaa wako, na umwombe mtu mmoja akupe saa tatu za kupumzika. Mgonjwa wako anakuhitaji ukiwa mzima.