Maji Ndani ya Tangi la Hewa: Utunzaji wa Kompresa

Katika gereji, viwanda na karakana za shule za ufundi, kompresa ni mashine ya kawaida. Hewa iliyoshindiliwa nayo hujaza matairi, hupuliza rangi na huendesha vyombo vingi vya kazi. Jioni, fundi afunguapo koki iliyo chini ya tangi, hutoka maji yenye rangi ya kutu. Hakuna aliyeyatia humo. Maji hayo yametoka wapi, nayo yana madhara gani? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo msingi wa utunzaji wa mashine hii.

ASILI YA MAJI

Hewa yote ina mvuke wa maji. Katika joto la nyuzi 30 za Sentigredi, mita 1 ya ujazo ya hewa haiwezi kushika mvuke uzidio gramu 30 hivi. Hewa ya pwani, kama ile ya Tanga au Mombasa, mara nyingi huwa na asilimia 80 ya kiasi hicho, yaani gramu 24.

Kanuni iliyotangazwa na Robert Boyle mwaka 1662 yaeleza kwamba joto lisipobadilika, ujazo wa gesi hupungua kwa kadiri kanieneo yake iongezekavyo. Hewa ikishindiliwa hadi kanieneo iliyo mara 8 ya ile ya angahewa, kisha ikapoa hadi nyuzi 30, mita ile moja ya ujazo hubaki thumuni tu. Nafasi hiyo ndogo yaweza kushika mvuke wa gramu 4 hivi. Gramu 20 zilizosalia hugeuka kuwa maji. Mashine ivutayo lita 300 za hewa kwa dakika, ikifanya kazi kwa saa 6, huvuta mita 108 za ujazo. Maji yake hupita lita 2 kwa siku moja.

HATARI ISIYOONEKANA

Maji hayo, yakishirikiana na oksijeni, hula chuma. Kutu huanzia chini ya tangi, upande wa ndani, mahali pasipofikiwa na jicho. Rangi ya nje yaweza kung'aa huku ukuta ukizidi kuwa mwembamba. Geji ionyeshapo kilo 7 kwa sentimeta ya mraba, kila kifuniko cha tangi lenye kipenyo cha sentimeta 40 husukumwa kwa nguvu ilinganayo na uzito wa karibu tani 9. Ukuta ukishindwa kuhimili nguvu hiyo, tangi hupasuka ghafla, na vipande vyake vyaweza kuua.

JOTO NA UCHAFU

Ajazaye upepo tairi la baiskeli hujua kwamba pampu hupata moto. Katika kompresa, hewa itokayo silindani yaweza kupita nyuzi 150. Mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda huipunguzia joto, lakini yakifunikwa na vumbi na grisi hayafanyi kazi yake. Chujio la hewa likiziba, mashine huhangaika na joto huzidi. Likitoboka, mchanga huingia na kukwaruza silinda na ringi za pistoni. Hapo mafuta hupenya, huungua, na kuacha masizi magumu juu ya vali. Vali zisizofunga sawasawa huirudisha hewa ya moto silindani ishindiliwe tena, na mwishowe masizi yaweza kuwaka.

RATIBA YA KAZI

Kila siku: kutazama kiasi cha mafuta kabla ya kuwasha mashine, na baada ya kazi, kuizima, kupunguza hewa, kisha kufungua koki polepole hadi maji yaishe.

Kila juma: kusafisha chujio na mapezi, kukagua mkanda na puli, na kuijaribu vali ya usalama kama kitabu cha mtengenezaji kielekezavyo. Chujio lisioshwe kwa petroli, kwani mvuke wake waweza kulipuka ndani ya silinda yenye moto.

Kwa vipindi vilivyowekwa na mtengenezaji: kubadili mafuta, kusafisha vali, na kumwita mkaguzi apime unene wa ukuta wa tangi.

Vali ya usalama isikazwe kupita kiasi wala kuzibwa, hata kama yavuja, ibadilishwe. Tangi lililotobolewa na kutu lisipigwe kiraka kwa kulehemu, maana penye tundu moja, ukuta ulio kando yake nao umekwisha kudhoofika.

ZOEZI

Kompresa imevuta mita 50 za ujazo za hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60. Ikiwa kanieneo ya tangini ni mara 8 ya angahewa na hewa imepoa hadi nyuzi 30, ni maji kiasi gani yatakayotuama? (Jibu: gramu 700 hivi.)