Simu Inayokumbuka Ulikopita

Mwulize mzee, "Unakumbuka nini?" naye huenda akanyamaza. Mwulize, "Tulipokuwa tukienda kisimani, tulipitia wapi?" na pengine atakutajia mwembe, daraja na jina la mwenye duka. Mahali huamsha kumbukumbu. Mwaka 1971 mtaalamu John O'Keefe, akiwa London, alieleza kwamba katika ubongo wa panya, sehemu iitwayo hipokampasi, zimo chembe zinazoamka panya anapofika mahali fulani. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2014, pamoja na May-Britt na Edvard Moser. Kwa binadamu sehemu hiyo hutunza kumbukumbu za matukio, na ugonjwa wa Alzheimer huishambulia mapema.

Simu nyingi za siku hizi zaweza kuandika njia tulizopita, kwa msaada wa setilaiti na minara. Ramani hiyo, pamoja na picha zilizopigwa njiani, yaweza kuwa chanzo cha maongezi na mgonjwa. Lakini atengenezaye programu ya namna hii awe mwangalifu, maana simu hukisia. Zahanati ikipakana na kilabu cha pombe, itaandika kwamba baba alishinda kilabuni, na hapo nyumba haina amani. Basi chombo kizuri huuliza, "Je, ulikuwa hapa?" Hakitangazi. Tena kimwachie mwenyewe uwezo wa kufuta. Nusu saa makaburini si jambo la kumletea mtu kila mwaka bila kumwuliza.

Ujana wa wazee wetu haumo katika simu yoyote. Kijiji alikozaliwa, shule, njia ya shambani, hayo yatawekwa kwenye ramani na familia, mzee akielekeza. Binafsi naona kazi hiyo ya kukaa pamoja ndiyo tiba yenyewe, kuliko mashine.

Idhini iombwe mapema, akili ikiwa bado timamu, na akubali pia nani ataona. Watoto wengine hutaka kujua tu mama yuko wapi sasa. Hilo ni jambo jingine, lina haki yake kwa mgonjwa anayepotea njia, lakini aambiwe wazi.

Mnapotazama ramani, msimtahini. Akisema daraja lilikuwa upande wa pili, mwacheni aendelee na safari yake.