Tulinde Msitu Wetu

Ndugu msomaji, je, kijiji chako kina msitu?

Kigwa iko wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora. Zamani misafara ya kutoka pwani ilipita hapo ikienda Tabora. Leo karibu na Kigwa kuna msitu wa hifadhi wa Kigwa-Rubuga. Ni msitu wa miombo.

Miombo hutupa asali, nta, uyoga, dawa na kuni. Lakini ina adui mkubwa. Adui huyo ni moto. Mwezi wa Septemba majani yamekauka kabisa. Mrina asali mmoja akiacha mwenge wake unawaka, msitu hushika moto. Mizinga huungua. Nyuki hukimbia. Miche hufa.

Mlinzi mmoja hawezi kulinda msitu mzima. Ni lazima wanakijiji wajitolee. Tufanye hivi:

1. Mvua zikiisha, tufyeke njia pana ya kuzuia moto.
2. Tukirina asali, tutumie bomba la moshi, si mwenge.
3. Tupeane zamu za kulinda.
4. Wakulima wa tumbaku wapande miti yao ya kukaushia.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu katika ardhi yake na kuusimamia chenyewe.

Kazi hii haina mshahara. Malipo yake ni mizinga iliyojaa asali.

Maswali
1. Mwenge unaweza kuleta hasara gani msituni?
2. Wewe utajitolea kufanya nini?