Kabla Kijana Hajabeba Abiria: Somo la Uwanjani



Vikundi vya mwethya vimefanya kazi nyingi kwetu: matuta ya kuzuia mmomonyoko, visima, mabwawa ya mchanga. Siku hizi merigoraundi ikimfikia mama mwenye kijana aliyemaliza shule, mara nyingi pesa hununua pikipiki. Tangu serikali ilipoziondolea VAT pikipiki ndogo mwaka 2008, zimejaa kila njia, na hatuzikatai. Ndizo hutufikisha Masii na Mwala, na ndizo hubeba mgonjwa usiku.

Lakini hebu tuulizane: huyo kijana alifundishwa na nani? Jibu tunalijua. Alifundishwa na rafiki yake, asubuhi moja, na jioni yake akabeba abiria.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza mwenye nyumba mpya azungushie dari lake ukingo, ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Anayeagizwa ni mwenye nyumba. Basi kikundi kilichotoa pesa ya pikipiki nacho kina ukingo wa kujenga.

Tafuteni uwanja mtupu Jumamosi asubuhi na mwendeshaji mzoefu mwenye leseni. Waje wazazi pia, maana ndio wanaopanda nyuma.

Anza injini ikiwa imezimwa. Kijana aisukume pikipiki, aipinde, aisimamishe kwa breki. Asiyeweza kuimudu imezimwa hataimudu ikiwaka. Kisha akague: upepo wa tairi, cheni, breki zote mbili, taa. Akishawasha, aende polepole sana kati ya mawe mliyoyapanga, bila kugusisha mguu chini. Mtaona wale wanaojisifu kwa mbio ndio wanaoangusha mawe. Kwenda polepole ni kazi ngumu kuliko kwenda mbio.

Sasa breki, na hapa msiharakishe. Vijana wengi huogopa breki ya mbele, eti itawarusha. Kwenye ardhi kavu na ngumu, hiyo ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Ikamatwe taratibu pamoja na ya nyuma. Mchangani mambo ni mengine. Ukibana ya mbele ghafla, gurudumu linateleza na umelala chini. Kwa hiyo mwendo upunguzwe kabla ya kuingia mchangani, mafuta yawe sawasawa, macho yatazame mbele, usukani usikatwe ghafla. Mteremko nao ushukwe kwa gia ndogo. Kuweka fri ili kuokoa petroli ni kuiachia breki peke yake mzigo wote.

Pimeni mita 17 kwa hatua, mweke jiwe. Mwenye kwenda kilomita 60 kwa saa hupita umbali huo kwa sekunde moja, kabla hata mkono haujagusa breki. Akienda 40 ni mita 11. Mtoto anayekimbiza mbuzi barabarani yuko katikati ya hayo mawe mawili.

Akina mama, na ninyi mna somo. Leso na shuka zifungwe vizuri, maana cheni na spoki hazichagui. Pandeni kwa upande wa kushoto. Mimi mwenyewe nina kovu la egzosi kwenye mguu wa kulia. Mtoto asiketishwe juu ya tangi, mbele ya mwendeshaji. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, na wote wawili wavae helmeti na koti la kung'aa. Najua mtasema helmeti ya abiria inanuka. Basi shoneni vitambaa vya kuvaa ndani, vinafulika. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi mwaka 2008 ulionyesha helmeti hupunguza vifo vya waendeshaji waliogongwa kwa karibu asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa 69. Lakini ifungwe kidevuni. Ile ya kuning'inizwa kwenye kiwiko inalinda kiwiko.

Mtu akianguka, msimnyanyue kwa mikono na miguu kama gunia. Zuieni magari kwanza. Kama anapumua vizuri, mwacheni na helmeti yake, kichwa na shingo vishikwe visicheze, damu ikandamizwe kwa kitambaa safi. Tafuteni gari, kumpakia katikati ya watu wawili kwenye pikipiki nyingine kunaweza kumaliza uti wa mgongo.

Ya kujadili kikundini: Je, mkopo wa pikipiki utolewe kabla ya helmeti mbili, bima na ada ya shule ya udereva kuingizwa katika hesabu? Na aliye chini ya miaka 18 anayebeba abiria kila siku ya soko, nani atakwenda kuzungumza na baba yake?

Andikeni majibu kwenye kitabu cha kumbukumbu, pamoja na jina la atakayekwenda.