Somo: Apataiti, Jiwe la Bluu Linalofanana na Meno Yetu

Leo tutajifunza juu ya jiwe linaloitwa apataiti, halafu tuone vile linahusu vinywa vya watoto wetu hapa Lodwar na Kakuma.

1. Jiwe lenyewe
Apataiti ni madini ya kalsiamu na fosfeti. Liko la kijani, la manjano na la kahawia. Lile la bluu linatoka sana Madagaska. Katika kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10, lina 5, kwa hivyo kisu cha chuma hulikwaruza. Yakuti ya bluu ina 9, kisu hakiiwezi. Jina lake, lililotolewa mwaka 1786, latoka neno la Kigiriki lenye maana ya kudanganya, kwa kuwa watu walilidhania mawe mengine. Lisilo na urembo huchimbwa kwa mbolea, kama kule Minjingu, Tanzania.

2. Meno na mifupa
Mungu ametuumba na madini ya jamii hiyo hiyo ndani ya meno na mifupa. Madini haya hupenda kushika floridi iliyo ndani ya maji. Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, meno ya mtoto yanayoota hutoka na madoa ya kahawia yasiyofutika, na baada ya miaka mingi mifupa hukakamaa na kuuma.

3. Maji yetu
Shirika la Afya Duniani linasema floridi isipite miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya Ziwa Turkana yamepita hapo sana, na visima vingine vya Kakuma pia. Asili yake ni miamba ya volkeno. Huwezi kuiona wala kuionja. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi inabaki. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi.

4. Dawa iko wapi?
Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa hewa kidogo hubaki mkaa wenye madini yale yale, nao hunasa floridi. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imetengeneza vichujio vya namna hiyo. Lakini mkaa hushiba, lazima ubadilishwe. Usijichomee mifupa nyumbani ukadhani umemaliza, maji yapimwe.

Mtoto mwenye meno ya kahawia asichekwe ati ni mchafu. Mswaki hauna kosa.

Maswali ya jumuiya
1. Kisima chetu kimepimwa floridi? Lini?
2. Kama kuna visima viwili, watoto chini ya miaka 8 wanywe cha wapi?
3. Nani atapeleka swali hili kwa kamati ya maji?